Matairi ya kukimbia: Tairi jipya la wastani linalishinda la jina kubwa lililozeeka

Subaru iliyotoka gereji ikiwa na turbo mpya, egzosi inayonguruma na rimu za inchi 18 inaweza kuwa imemeza pesa za kununua kiwanja. Muulize mwenyewe matairi yake yalitengenezwa mwaka gani, hapo kimya. Anajua aliyanunua lini, anajua jina la kampuni, basi.

Hilo ndilo tatizo la vijana wengi wanaopenda mwendo, awe yuko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Injini haishiki lami. Breki nazo hazishiki lami, zinakamata gurudumu tu. Kinacholiweka gari la tani moja na nusu barabarani ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Kila kona, kila breki ya ghafla, kila kuovateki hupitia hapo.

Spidi ina hesabu yake mbaya. Gari likipanda kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, nguvu ambayo breki na matairi vinatakiwa kuimaliza inakaribia kuwa mara mbili. Kama gari linasimama kwa mita 45 likiwa kwenye 100, kwenye 140 litataka karibu mita 88. Na hapo bado muda wa dereva kushtuka. Kwenye 140, sekunde moja tu ya kushtuka ni mita 39 zimeshakwenda.

Sheria ya Kenya inaishia kilomita 110 kwa gari la kibinafsi, na kwenye Nairobi Expressway ni 80. Kwa hiyo tairi zuri halinunuliwi ili gari lifike 200. Linanunuliwa kwa ajili ya siku ng'ombe anapokatiza barabara karibu na Emali, au lori lililokufa linapoonekana ghafla nyuma ya kona usiku, bila taa wala pembetatu.

Umri kwanza, jina baadaye

Wapenzi wa filamu za Fast & Furious wanakumbuka kifo cha Paul Walker, Novemba 30, 2013, huko Santa Clarita, California. Alikuwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT, gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 600. Wachunguzi walisema lilikuwa likienda kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 72. Kosa la kwanza ni spidi, hilo halina ubishi. Lakini uchunguzi uligusa pia matairi: yalikuwa na umri wa miaka tisa, na uzee huo ulitajwa kuwa jambo linaloweza kuharibu jinsi gari linavyoshika barabara.

Tairi huzeeka hata kama gari limeegeshwa tu. Hewa, jua na joto hukausha mpira, na ule ulaini unaoufanya ung'ang'anie lami unapotea polepole. Tairi linaweza kuwa na mifereji mirefu kama jipya huku mpira wenyewe umekuwa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Ukilitazama linavutia. Kwenye lami iliyolowa linateleza.

Kujua umri ni kazi ya dakika moja. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, zikifuatwa na mlolongo wa herufi na namba. Zinazotakiwa ni tarakimu nne za mwisho, ambazo mara nyingi huwekwa ndani ya umbo la yai. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kuwa spea.

Kuna mchezo hapa. Kwenye matairi mengi tarehe huandikwa upande mmoja pekee, na tairi likishafungwa, upande huo unaweza kuwa umeelekea ndani ya gari. Mnunuzi anayeangalia tairi likiwa tayari kwenye gari anaweza kukosa kuiona kabisa. Alisome kabla halijavalishwa kwenye rimu, na alizungushe alisome pande zote mbili. Muuzaji akikasirika, duka la pili liko hatua chache mbele, iwe Kirinyaga Road au Kariakoo.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, hata kama mifereji ipo. Kwa mtu anayekimbiza gari kwenye joto la huku, kungoja mpaka hapo ni kujikaza bure. Miaka mitano inatosha. Na tairi la kununua leo lisizidi miaka miwili tangu litoke kiwandani.

Mtumba wa Japani na mtego wa theluji

Matairi ya mtumba, yale yanayoitwa ex-Japan, yana sifa kubwa mtaani. Watu husema tairi la Kijapani lililotumika ni bora kuliko jipya la bei ya chini. Kuna ukweli kidogo: barabara za Japani ni nzuri, na wengi hubadilisha matairi mapema. Lakini anayenunua hajui tairi hilo liligonga nini, lilikaa miezi mingapi juani kwenye bandari, wala kama limewahi kuzibwa na likapakwa rangi nyeusi likang'aa.

Mtego mkubwa zaidi ni wa matairi ya theluji. Sehemu za Japani, hasa kaskazini kama Hokkaido, zina baridi kali, na madereva wa huko wanakuwa na seti mbili, ya kiangazi na ya majira ya baridi. Hizo za baridi huuzwa zikiwa zimetumika, na nyingine hufika huku zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe. Neno la kutafuta ubavuni ni STUDLESS. Alama nyingine ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Majina yake yanajulikana pia: Blizzak ya Bridgestone, iceGuard ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop. Ni matairi mazuri sana, kwenye theluji. Theluji ya karibu na Nairobi iko juu ya Mlima Kenya, na hakuna anayepeleka Impreza huko.

Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha maji. Uso wake umejaa chale ndogondogo zinazoshika barafu. Ukiuweka kwenye lami ya Mtito Andei saa nane mchana, unalainika kupita kiasi. Vile vipande vyenye chale hupinda kila usukani unapogeuzwa, na dereva anahisi kama gari linaogelea. Breki inachukua umbali mrefu, tairi linapata moto, na linakwisha kwa miezi michache. Isitoshe, mengi ya matairi hayo ya Kijapani yana herufi Q, maana yake hayakutengenezwa kuvuka kilomita 160 kwa saa, tena yakiwa mapya.

Herufi M+S peke yake ni kitu kingine. Hupatikana kwenye matairi mengi ya magari makubwa na ya misimu yote, na haimaanishi tairi ni la theluji tupu. Kinachoamua ni ule mchoro wa mlima na neno STUDLESS.

Herufi moja inayopuuzwa

Tairi la kawaida kwenye Impreza huandikwa hivi: 205/55R16 91V. Ile 205 ni upana kwa milimita. 55 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 113. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 16 ni inchi za rimu. Mpaka hapo mafundi wote wanajua.

Kinachorukwa ni mwisho. 91 ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, kilo 615. V ni spidi: kilomita 240 kwa saa. T ni 190, H ni 210, W ni 270 na Y ni 300.

Dereva atasema, mimi siendi 240, V ya nini? Herufi hiyo haipimi ujasiri wa dereva, inapima uwezo wa tairi kuhimili joto. Tairi la herufi ya juu kwa kawaida lina mikanda imara zaidi ndani na ubavu unaosimama, na kwenye kona hujibu usukani haraka kuliko la T lenye ukubwa uleule. Kanuni rahisi ni kutoshuka chini ya herufi ambayo gari lilikuja nayo kiwandani. Kitabu cha gari kikisema V, kushuka hadi T kwa kuwa bei imepungua kidogo ni kuuza kona zote za gari.

Halafu kuna Probox. Kila aliyesafiri barabara ya Meru au Narok ameshapitwa na Probox ikiwa imejaa mpaka dirishani. Gari hilo lilizaliwa kuwa la mizigo midogo. Mengi ya matairi yake ya inchi 14 yana herufi LT, ya kubebea mzigo, na mwisho wake ni N. N ni kilomita 140 kwa saa. Si tairi baya, linabeba gunia bila kulalamika. Ila mtu anayeligusisha 140 kila siku, likiwa limepakiwa kupita kiasi na upepo umepungua, anafanyia kazi kwenye ukingo kabisa wa kile kiwanda kilichoahidi. Likipasuka, watasema ni bahati mbaya.

Laini au la kudumu?

Ubavuni mwa matairi mengi kuna neno TREADWEAR na namba mbele yake. Ni kipimo cha Marekani cha jinsi tairi linavyodumu, likilinganishwa na tairi la majaribio lililopewa 100. Lenye 200, kwa hesabu hiyo, linadumu mara mbili ya lile la majaribio. Lenye 500, mara tano. Mpira unaodumu sana mara nyingi ni mgumu, na mpira mgumu haushiki sana. Namba hutolewa na mtengenezaji mwenyewe baada ya majaribio yake, kwa hiyo kulinganisha kampuni moja na nyingine ni kukisia. Kulinganisha matairi ya kampuni moja kunasaidia zaidi.

Matairi ya 200, kama Yokohama Advan Neova AD09, yako jirani kabisa na yale ya uwanja wa mashindano. Kwenye lami kavu yanashika ajabu. Lakini yanaisha haraka, yana kelele, na mengi yana mifereji michache. Masika ikifika na barabara ikageuka mto, dereva atajuta. Matairi ya 500 na kuendelea ni ya safari ya taratibu na matumizi madogo ya mafuta.

Kwa mtu anayekimbiza gari mtaani na pia analitumia kwenda kazini, jibu liko katikati, kati ya 280 na 400 hivi. Michelin Pilot Sport 4S imeandikwa 300. Si lazima iwe hiyo, maana bei yake inauma. Kampuni nyingi za Asia hutengeneza matairi ya kundi hilo kwa pesa kidogo, na likiwa la mwaka huu litamshinda Pilot Sport la mwaka 2015 lililofika ndani ya kontena.

Karibu na namba hiyo kuna neno TRACTION. AA ndiyo ya juu, kisha A, B, C. Hupimwa kwa breki kwenye sehemu iliyolowa, gari likienda moja kwa moja. Haisemi lolote kuhusu kona. Hata hivyo, kwenye nchi yenye mvua kama hizi, la B liachwe dukani.

Rimu kubwa na mashimo

Kutoka 205/55R16 kwenda 225/40R18 ni mabadiliko yanayopendwa sana, na kwa picha gari hupendeza. Kipenyo chote kinabaki karibu sawa, milimita 632 dhidi ya 637, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. Kinachopotea ni ubavu: milimita 113 zinakuwa 90. Hizo 23 ndizo zilizokuwa zinameza shimo. Zikiondoka, shimo linaingia kwenye rimu, na rimu ikipinda huanza kuvuja upepo taratibu bila dereva kujua. Au nyuzi za ubavuni hukatika na kutokea uvimbe kama nundu. Tairi lenye nundu halizibwi wala halisubiri mwisho wa mwezi. Linatolewa siku hiyohiyo.

Tairi pana nalo huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, mifereji ikiwa imechoka sawa. Kwa barabara za huku inchi 17 zinatosha kwa mtu anayeendesha kweli. Inchi 18 na 19 ni za maegesho.

Mifereji yenyewe kwenye tairi jipya ina kina cha karibu milimita 8. Ndani yake kuna vijiti vidogo vya mpira, vimeonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Tairi likiisha mpaka likalingana navyo, limebaki milimita 1.6 na limeshakuwa kipara. Kwa anayekimbiza gari kwenye mvua, 3 ndiyo mwisho wa busara. Kuna vibanda vinavyochonga mifereji mipya kwenye tairi lililoisha. Kwenye baadhi ya matairi ya lori jambo hilo linaruhusiwa, na huandikwa REGROOVABLE. Kwenye tairi la gari dogo, kisu kinakata mpira uliobaki juu ya nyuzi. Anayeuziwa hilo ameuziwa ajali.

Manne, si mawili

Subaru nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne, na hapo kuna gharama ambayo wengi huijua wakiwa tayari gereji. Matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma hayazunguki sawa; lililoisha ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi. Mfumo wa kati unaogawa nguvu unalazimika kufanya kazi muda wote, unapata moto, mwisho unakufa. Subaru hutaka mzunguko wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, ambayo kwa kina cha mifereji ni milimita moja tu. Kwa hiyo yananunuliwa manne, ya jina moja na muundo mmoja. Kama pesa haitoshi, bora manne ya bei ya kati kuliko mawili ya kifahari.

Kwa gari linalovuta kwa magurudumu mawili, mawili yanakubalika, lakini mazuri yaende nyuma. Mtaani wengi hufanya kinyume, wakidhani usukani ndio muhimu. Mbele kukiteleza, gari linakataa kona na dereva anahisi mapema, anapunguza mwendo. Nyuma kukiteleza, gari linajigeuza lenyewe, na ni wachache wanaoweza kulirudisha.

Upepo, na siku ya kufunga

Kiwango cha upepo kiko kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linastahimili, haikuandikwa ili ijazwe. Hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa sababu kila joto linapopanda nyuzi 5 au 6, geji hupanda kwa psi 1 hivi. Anayetoa upepo njiani kwa kuwa tairi limepata moto na geji imepanda, anajipunguzia mwenyewe. Tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopasuka: ubavu unajikunja mara nyingi kila sekunde, unatoa joto, nyuzi zinaachana. Naitrojeni haina ubaya, ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, hivyo anayelipia sana analipia hadithi.

Siku ya kufunga, fundi aangaliwe. Tairi lenye neno ROTATION na mshale lina upande mmoja tu wa kuzunguka. Likigeuzwa, mifereji haitoi maji inavyotakiwa. Lenye neno OUTSIDE, upande huo utazame nje. Alaimenti na balansi zifanyike palepale, vinginevyo tairi la bei kubwa litaliwa upande mmoja kabla mwaka haujaisha. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Na usiku uleule wa kwanza, hakuna kwenda kujaribu. Tairi jipya linatoka kiwandani na utando wa dawa iliyotumika kulitoa kwenye kalibu, na uso wake unateleza. Kilomita 300 za kwanza ni za kwenda kazini na kurudi, breki za taratibu, kona za taratibu, mpaka ule mng'ao uishe na mpira uwe mweusi usiowaka.